Barabara ya Gwamaka, Kutoka Tukuyu Hadi Iringa

Mmeniuliza sana, nyinyi wa nyumbani, barabara ya Iringa ikoje. Mmeniuliza mtoni, mmeniuliza baada ya ibada, na mmoja wenu aliniuliza hata kabla nywele nilizonyoa msibani hazijaota. Basi naandika mara moja, anayejua kusoma awasomee wenzake, nisirudie kwa mdomo. Kwenda sikuona kitu. Kurudi niliona yote.

Tuliondoka kwa sababu ya simu ya maandishi. Ilifika posta ya Tukuyu siku ya soko, maneno machache tu: Gwamaka mgonjwa sana, yuko hospitali Iringa, njooni. Gwamaka ni mume wangu. Alikuwa karani wa kambi ya barabara, na kambi yenyewe ilihama kila walipomaliza kipande, kutoka Chimala wakisogea kuelekea Iringa. Kila likizo alichukua kijiti, akanichorea barabara hiyo katika majivu ya jiko letu. Hapa Chimala, mlima umesimama kama ukuta wa kanisa. Hapa Makambako, upepo unakuvua kofia. Hapa Isimila, shuka korongoni uone nguzo za udongo zilizojisimamia zenyewe. "Mwaka huu nitakupitisha mwenyewe, mama Lugano," alisema. "Utakaa dirishani."

Tulisafiri wanne: mimi, binti yangu Lugano mgongoni, wifi yangu Sekela, na baba yake Gwamaka.

Kwenu sina haja ya kueleza, lakini karatasi husafiri, huenda ikasomwa na mgeni. Kwetu sisi Wanyakyusa mke hamwoni baba mkwe wake, naye baba mkwe hamwoni mke wa mwanawe. Tukikutana njiani, mimi naingia porini. Akiwa ndani ya nyumba, mimi siingii. Jina lake sitamki, na hata hapa sitaliandika. Mchungaji ametuambia tuache, lakini mzee hajabatizwa, na mama yangu mzazi aliniambia mlangoni, "Soma vitabu vyako vyote, mwanangu, lakini ukivunja hili, atakayeumia ni mtoto." Nimesoma mpaka darasa la kumi. Nilimwangalia Lugano, nikajitanda kanga.

Mbeya tulipanda basi asubuhi, baridi inauma. Viti vya mbele ni vya Wazungu, hata kama hakuna Mzungu. Mzee alikaa nyuma ya hapo, mimi nikaketi benchi la mwisho kabisa, kanga imefunika kichwa na uso, maana akigeuka tu atanikuta. Kondakta alinitazama.

"Huyu mama ana ndui?"

"Ndui unayo wewe," Sekela akamjibu. "Ana mkwe."

Basi zima likacheka. Mimi sikucheka.

Chimala tulisimama karibu na saa sita. Nilisikia wanawake wakiuza mchele na ndizi, nikasikia maji ya mto, nikahisi kwamba kuna kitu kikubwa upande wa kulia, kwa sababu hewa ilikuwa nzito na sauti zilikuwa zikirudi. Mzee alikuwa ameshuka, amesimama upande huohuo. Nikamwambia Sekela, "Niambie ulivyo."

"Nini?"

"Mlima."

Akachungulia nje. "Ni mlima, wifi. Una miti."

"Gwamaka alisema umesimama kama ukuta."

"Basi umesimama. Kula ndizi."

Nilitamani kumpiga. Sekela ana macho mawili mazima na ruhusa ya kuyatumia, na kumbe hajui kutazama. Ndivyo nilivyovuka bonde lote la Usangu: vumbi likipenya kwenye kanga, na jasho la mtoto mgongoni kwangu.

Makambako tulifika jua linazama. Upepo ulikuwepo, huo hauhitaji macho. Tulilala nyumbani kwa mama mmoja wa Kibena mwenye hoteli ya chai. Alitusalimia "Kamwene," akatukaribisha motoni, lakini motoni alikuwa amekwisha kaa mzee. Nikabaki uani, nyuma ya kuni, na mtoto.

"Mbona mnamficha bibi arusi?" yule mama akauliza.

"Bibi arusi gani ana mtoto mgongoni?" Sekela akasema. "Ni desturi yetu."

"Desturi ya kuganda?" Akaniletea kaa la moto katika sufuria mbovu, na blanketi. Akachuchumaa karibu yangu. "Sisi nasi tunamheshimu mkwe, binti yangu. Lakini mkwe wetu akiona baridi hii husogea."

Nikamwambia ukweli, kwamba hasira yangu kwa mzee ilikuwa kubwa kuliko heshima. Yule mama akasema, "Hata hasira ni lazima ipate joto," akanisogezea kaa.

Kesho yake, Iringa ikiwa karibu, gurudumu likapasuka. Sikuamini niliposikia mtu anasema tuko Isimila. Abiria wote wakaenda kutazama zile nguzo wakati dereva anaziba tairi, na mzee akaenda nao. Kwa hiyo mimi nikabaki. Niliketi ndani ya basi tupu, mahali mume wangu alipopachora kwenye majivu ya jiko langu, nikatazama mgongo wa kiti. Sekela aliporudi, viatu vyake vilikuwa vyekundu kwa udongo.

"Haya, sema," nikamwambia.

"Udongo, wifi. Mrefu."

Kisha akaona uso wangu kwenye upenyo wa kanga. Akaketi, akajaribu tena, polepole. "Kama watu. Kama watu wengi waliosimama wakisubiri kuitwa, na aliyewaita akasahau." Hilo lilikuwa neno zuri la kwanza kutoka kwake, nami nikamshika mkono.

Iringa iko juu ya kilima, basi linapanda kwa kunung'unika. Tulifika mchana. Sekela akaenda mtaa wa Mlandege kumtafuta mtu wa kambi atakayetupa pa kulala. Mzee akatangulia hospitali, mimi nikamfuata kwa mbali, kama mbwa.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo penyewe.

Saa ya kuona wagonjwa ilikuwa imeanza. Wodi ya wanaume ilikuwa na mlango mmoja. Mzee aliingia. Mimi nikasimama mlangoni, ubavuni, kanga usoni, nimeubana ukuta, ili akitoka tu niingie bila kupoteza hata pumzi moja. Nilimsikia Gwamaka akikohoa. Kichomi kilikuwa kimemla, kikohozi chake kilikuwa kama gunia linaloburutwa. Nilimsikia akiuliza kwa Kinyakyusa, "Mama Lugano yuko wapi?"

Mzee akajibu, "Yuko mlangoni."

Nikangoja.

Palepale mlangoni, ubavuni mwangu, palikuwa na dirisha. Nikamfungua Lugano mgongoni, nikamwinua juu kwa mikono miwili, mimi nikiwa nimeinama chini ya dirisha. Mtoto hana mwiko na babu yake. Nikasikia kicheko, kicheko kile ninachokijua, kikakatwa na kikohozi. "Ameota meno," Gwamaka akasema. Sikumshusha mpaka mikono ilipokufa ganzi.

Nesi mmoja, dada wa Kihehe, akapita. "Mama, mbona huingii?"

"Baba mkwe yumo."

"Ingia! Saa inakwisha!"

"Atatoka sasa hivi."

Akaenda zake akitikisa kichwa. Nikangoja. Nilisema moyoni: mzee, mpe mwanao mkono, mwombee kwa wahenga wako, halafu utoke, ni mume wangu. Hakutoka. Nikaanza kumchukia kwa dhati. Kisha kengele ikalia, nesi mkubwa akatufukuza, mlango ukafungwa. Mimi nilikimbilia nyuma ya jengo, kwa sababu hata wakati huo, hata wakati huo, nilikwepa asinione.

Asubuhi tulipokwenda, kitanda kilikuwa kimetandikwa.

Gwamaka alizikwa Iringa, kwenye udongo mwekundu, na watu wa kambi waliokuja na koleo zao za barabara. Wanaume upande mmoja na wanawake upande wa pili, na mimi nyuma ya wanawake, kwa sababu mnayoijua. Hata kaburi la mume wangu nililiona kwa kuchungulia kati ya mabega ya watu nisiowafahamu.

Siku ya tatu, Mlandege, nikamwambia Sekela yote. Nilisema baba yake ameninyang'anya saa ya mwisho ya mume wangu. Nilisema na matusi ambayo sitayaandika. Nikamwambia, "Mwulize. Mwulize alikuwa anangoja nini mle ndani."

Akaenda kwa Tata, ndivyo sisi tumwitavyo baba. Alirudi polepole kama mtu aliyebeba maji yaliyojaa pomoni.

"Tata anasema alikuwa anakungoja wewe."

"Ananingoja mimi?"

"Anasema kaka alipokuita, alisimama atoke akupishe. Lakini mlango ni mmoja, wifi, na wewe ulikuwa umesimama mlangoni. Angekupitia usoni. Akangoja uondoke mlangoni ili atoke. Anasema alimwambia kaka, 'Ngoja, atasogea sasa hivi.' Mpaka kengele."

Mimi nilingoja atoke, yeye alingoja niondoke. Hakuna aliyemkosea mwenzake hata kidogo. Tulikuwa na adabu kamili, sisi wawili, mmoja kila upande wa ubao wa mlango, na katikati yetu kijana wa watu anakufa akituangalia tunavyoheshimiana. Nesi alipita na sikumwambia, "Mwambie mzee nasogea." Mzee alikuwa na mdomo, hakusema, "Sogea, mwanangu." Nililia siku hiyo kilio ambacho sikulia makaburini, na hakikuwa cha huzuni peke yake.

Asubuhi ya kurudi, pale stendi, Sekela akaja mbio.

"Wifi, Tata anasema wewe ukae dirishani. Yeye atakaa benchi la nyuma."

"Na nikigeuka, si nitamwona?"

"Anasema atajifunika."

Sikuelewa mpaka nilipomsikia kondakta, yuleyule, akicheka. "Mzee, umeiba nini? Toa kichwa, polisi hawapo!" Abiria nao wakadakia: mzee ana ndui, mzee ana mchumba humu. Mzee alikuwa amejifunika blanketi lake la kijivu kuanzia kichwani hadi magotini, kama gunia la kahawa. Sekela akaninong'oneza kwa sauti iliyokatika: "Anasema, 'Mwambie mke wa mwanangu aitazame barabara ya mume wake.'"

Nikafunua uso.

Isimila nilimwomba dereva asimame. Alimfahamu Gwamaka: "Yule karani aliyekuwa akitupigia saluti kwa karatasi? Nenda, mama, ila usichelewe." Nikashuka korongoni na Lugano. Nguzo zile ni kweli, zimejisimamia zenyewe, nyekundu na kijivu, kila moja na kofia yake ya jiwe. Sekela alisema sawa: watu wanaosubiri kuitwa. Nilisimama kati yao, nikamwambia mtoto, "Baba yako alisema nije." Mtoto akala udongo.

Makambako, upepo. Nilimrudishia yule mama blanketi lake nililoondoka nalo, nikaketi motoni, maana mzee alibaki ndani ya basi mpaka wakamwonyesha pa kulala. Mama wa Kibena alinitazama uso kwa mara ya kwanza, akaona kichwa kilichonyolewa, asiulize. Akanimiminia chai, akasema tu, "Amesogea?"

"Amechelewa," nikamwambia.

Chimala, mlima. Si mlima wenye miti tu. Unaanza ghafla, bonde likiwa limelala kabisa, halafu ukuta, kijani na kijivu, na wingu limeukalia juu kama kitambaa cha mtu anayefua. Hapo ndipo Gwamaka alipoanza kazi. Palikuwa na mfereji ubavuni mwa barabara, umejengwa kwa mawe yaliyopangwa vizuri, na nilijua amehesabu mawe hayo, kwa sababu aliwahi kunisumbua usiku kucha na habari zake. Niliyatazama yote mpaka yakaisha. Barabara ni nzuri. Nyinyi mlioniuliza, hilo ndilo jibu: ni nzuri, na ningeiacha yote, mlima na nguzo na kila kitu, kwa kuingia kwenye chumba kimoja chenye harufu ya dawa.

Nililojifunza nitalisema bila kulizungusha. Heshima isiyokuwa na mtu wa kuisemea ni ukuta tu. Mkiwa na mkwe, wekeni mtu katikati. Mkikosa mtu, semeni wenyewe, hata kwa kumpa mgongo, hata kwa kupiga kelele, na kama mtoto atakohoa basi akohoe, tutamtibu. Lugano hajakohoa. Na mzee sijamsamehe. Naye, nadhani, hajanisamehe.

Mbeya tulifika jioni. Abiria wakashuka wote. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni mwa basi, nafunga mtoto mgongoni, na nyuma yangu nikasikia mguu unapapasa ngazi. Mzee alikuwa bado amejifunika. Kutoka Iringa mpaka Mbeya hakuwa ameona hata kipande kimoja cha barabara ya mwanawe, na sasa alikuwa amesimama ndani ya blanketi, haulizi, anangoja.

"Mlango uko wazi, Tata," nikasema kwa sauti, nimempa mgongo.

Nikasogea, apite.