Nilimtetea Mrefu humu jukwaani kwa sababu nilikuwa nafanya alichofanya yeye

Wakuu, habari za muda huu. Wakubwa zangu, shikamooni.

Ninayoandika hapa yamenikuta mimi mwenyewe. Nimebadilisha majina tu, mengine nimeyaacha yalivyo, hata yale yanayoniaibisha.

Mnaukumbuka ule uzi wa ile katuni ya Kijapani, anime ya watoro wawili?

Kwa ambao hawajaiangalia (spoiler, samahani): kuna kijana, humu tumezoea kumwita Dogo, anaamini ameunguza kinu cha unga na mwenye kinu amefia ndani. Anatoroka na rafiki yake, Mrefu. Nyuma yao kuna mtu wa koti jeusi, kila mji wanaoingia naye anaingia.

Mrefu ndiye kipenzi cha watu. Anambeba Dogo mgongoni, anamwachia nusu ya mkate wake.

Halafu inakuja episode ya 19. Kumbe tangu episode ya 6 Mrefu ana barua mfukoni inayosema mwenye kinu ni mzima. Hakumwambia mwenzake. Na ile taa iliyoanzisha moto aliiacha yeye.

Mlimchana Mrefu vibaya. Mimi nikamtetea, kurasa tatu nzima. Nikaandika kwamba urafiki una mambo mengi, kwamba Mrefu alikuwa anamlinda mdogo wake.

Kuna member alinijibu kwa kifupi: "Mkuu, huyo hamlindi Dogo. Anajificha nyuma ya Dogo."

Nikamporomoshea matusi. Mkuu, kama uko hapa, nisamehe, na usome mpaka mwisho.

Iko hivi.

Mimi, mwiteni Shaba, ni wa Katesh, namsaidia baba duka la nafaka. Rafiki yangu Ema kwao ni Tumati, upande wa Mbulu, hapa mjini anaendesha bodaboda. Sekondari tulikaa dawati moja. Idi anakula kwetu, Krismasi nakula kwao, na mama yake ananiita mwanangu.

Siku hiyo baba alinituma Mogitu kuangalia maharage, Ema akanipeleka. Tukarudi saa tisa mchana, barabara tupu kabisa.

Mimi nyuma nilikuwa na simu. Nilikuwa nimepata kipande cha ile anime, Dogo na Mrefu wanavuka mto. Nikapitisha mkono begani kwa Ema nikamwekea simu usoni. "Cheki hapa," nikamwambia.

Akacheki. Sekunde moja tu.

Tukamgonga mzee aliyekuwa anavuka na kondoo wake aliyemfunga kamba.

Kondoo alikimbia. Mzee alibaki chini, mguu umekaa vibaya, vumbi mpaka kwenye nyusi.

Nikashuka. Hapa najua mtacheka, chekeni tu. Huku kwetu tumelelewa kwamba mtu mzima humsemeshi kabla hujamwamkia, hata kama nyumba inaungua. Mdomo ukaenda wenyewe. Nikainama nikasema, "Shikamoo mzee."

Akanitafuta kwa macho. Akasema, "Marahaba."

Hapo nikaona watu wanatoka shambani wanakimbia, majembe mkononi. Ema alishaegesha pikipiki anakuja kumshika mzee. Nikamvuta shati nikamwambia awashe twende, tutauawa.

Akasema, "Shaba, huyu mzee wa watu."

Nikamwambia washa.

Akawasha.

Baba amekodi shamba Dirma, lina kibanda cha mlinzi ambacho hukaa kitupu mpaka mavuno. Nikamficha Ema humo na pikipiki yake. Nyumbani nikasema nimerudi kwa lifti. Baada ya siku mbili kijiweni wakaanza kusema Ema kagonga mtu kakimbia. Mimi hakuna aliyenitaja.

Nilikuwa namtunza, wakuu, msinielewe vibaya. Kila baada ya siku chache nadandia lori la nafaka nampelekea unga, dagaa, power bank, na memory card yenye episode. Network kule hakuna. Kwa hiyo habari zote za duniani alikuwa anazipata kwangu.

Swali lake lilikuwa moja. Kabla hata hajapokea mzigo anauliza, "Mzee yupo?"

Safari ya kwanza nikamjibu sijui, na kweli sikujua.

Jumatano yake akaja mtu dukani kuuza mahindi. Amevaa koti jeusi mpaka magotini, maana baridi ya mlimani huku haina utani. Baba akamuuliza habari za nyumbani.

"Si nzuri sana," akasema. "Baba yangu aligongwa na pikipiki pale Mogitu. Mguu umevunjika, umefungwa plasta ya P.O.P., ila yupo nyumbani, anakula vizuri."

Baba akampa pole. Akauliza kama wamefika polisi.

"Mzee amekataa. Anasema walikuwa wawili. Mmoja alimwamkia. Anasema mnitafutie huyo aliyeniamkia, sauti yake naijua, aje na wazazi wake tuongee. Basi."

Mimi nilikuwa kwenye mizani. Nilikaza macho kwenye gunia kama vile nasoma gazeti.

Mngedhani nilifurahi: mzee ni mzima, Ema arudi nyumbani. Nilifurahi kama dakika mbili. Halafu nikafikiria: Ema akirudi ataulizwa wa pili ni nani. Na wa pili ndiye aliyeshika simu. Baba yangu ni mtu wa heshima zake msikitini, na nusu ya wateja wake wanatoka Mogitu.

Keshokutwa yake nikaenda Dirma nikiwa nimeapa kusema. Ema akatoka kibandani, kakonda.

"Mzee yupo?"

Nikasema, "Hali yake mbaya."

Akakaa chini. Akasema, "Ningeangalia mbele tu, Shaba. Ningeangalia mbele." Hakunitaja mimi wala simu. Alikuwa ameshajibebesha yote peke yake, nami nikamwacha aibebe.

Alikuwa amefika episode ya 18. Akaniomba zinazofuata. Nikamwambia bado hazijatoka.

Zilikuwa kwenye simu yangu, mfukoni. Jioni ile ile nikaingia humu kuandika kurasa tatu za kumtetea Mrefu.

Wiki iliyofuata mama yake Ema akanipigia kutoka Tumati. Hakulalamika. Alisema, "Mwanangu, mwenzako yuko wapi? Niambie tu kama anakula." Nikamwambia sijui, mama. Akasema sawa, akanitakia kazi njema. Nilikaa stoo kwenye magunia nikalia, nasema ukweli.

Na kule Dirma Ema, ambaye sasa aliamini mzee hawezi kupona, akanipa jambo jipya. Jumamosi kuna lori la ng'ombe linakwenda mbali, kashaongea na dereva. "Nikifika huko nabadilisha jina. Mama mwambie nimekufa, ni afadhali kuliko kujua nimeua mtu."

Ijumaa yule wa koti jeusi akarudi dukani. Mimi nilikuwa na mbinu yangu: akiingia, naingiza kichwa kwenye kazi, siongei. Kama mzee anaijua sauti yangu, labda alishamsimulia mwanawe ilivyo.

Akasimama mbele yangu. Akasubiri. Baba naye akasubiri.

"Mzee Juma," akamwambia baba, "huyu kijana wako siku ile hakuniamkia. Na leo haniamkii. Ana ugomvi na mimi?"

Wakuu, kuna vijiji mtu akikaa kimya hakuna anayejali. Huku kwetu ni sawa na kupiga kelele. Baba alinitazama kama ananiona kwa mara ya kwanza.

Nikasema, "Shikamoo." 

 Yule mtu alinitazama usoni, akatazama mikono yangu inayofunga tena gunia lililokwisha kufungwa. Ndipo akasema, "Marahaba. Tupo nyumbani kila siku." Akatoka bila kuuza chochote.

Baba akafunga mlango wa duka mchana kweupe. Akaniambia, "Sema."

Nikasema yote. Simu, shati nililolivuta, kibanda. Hakunipiga. Aliuliza tu, "Mama yake anajua yuko wapi?" Niliposema hapana, akakaa kwenye gunia akafunika uso.

Jumamosi alfajiri nikawahi lori la kwanza la Dirma. Njia nzima nahesabu muda. Nilimkuta Ema barabarani kashafunga begi, anasubiri lori la ng'ombe.

Na hata hapo nilishindwa kusema, mimi bingwa wa kurasa tatu. Nikatoa simu nikamwekea episode ya 19. Nikamwambia aangalie kwanza.

Akaangalia amesimama. Ilipofika ile barua kutoka mfukoni, akaacha kuangalia simu, akaniangalia mimi.

"Yupo?"

"Yupo. Amevunjika mguu tu."

"Umejua lini?"

"Siku kumi."

Lori la ng'ombe likaja, dereva akapiga honi. Ema akamfanyia ishara apite. Tukabaki wawili na vumbi.

Nilingoja anipige, ningeshukuru. Akaomba simu, tukatembea mpaka penye network, akampigia mama yake akaongea naye Kiiraqw muda mrefu, amenipa mgongo. Tuliporudi akatoa pikipiki kibandani akanirushia ufunguo.

"Utaendesha wewe," akasema. "Leo mimi nakaa nyuma."

Tulifika Mogitu tukamkuta baba ametangulia, kama tulivyopanga naye usiku. Alikuja na sukari, blanketi, na wazee wawili, maana kwa jambo kama hili huendi mikono mitupu wala huendi bila watu wazima. Yule wa koti jeusi alitupokea getini. Hakuwa anatufukuza kama yule wa kwenye anime. Alikuwa na ujumbe tu.

Mzee alikuwa uani kwenye kiti, mguu kwenye kigoda. Macho yake hayaoni vizuri. Yule kondoo amefungwa pembeni, mzima.

Nikapiga goti. "Shikamoo mzee."

Akageuza sikio upande wangu.

"Rudia," akasema.

"Shikamoo mzee."

Akatikisa kichwa. "Ni huyu." Kisha akaniambia, taratibu kabisa, "Kijana, siku ile niliitikia. Nilijua mtu akishakuamkia uko chini, kinachofuata atakuinua."

 

"Jua limenifika," akasema. "Haya, niinue."

Nikashika upande mmoja. Mguu wa P.O.P. ni mzito, nikayumba, na kabla sijaomba msaada Ema alishashika upande wa pili. Tukambeba mpaka kivulini. Alipokaa sawa, akanipapasa kichwa akasema, "Marahaba."

Wazee walikubaliana ya kwao. Mpaka mguu upone mimi na Ema tunamchungia na kumlimia, zamu kwa zamu. Naandika haya nimetoka huko.

Kwa hiyo, wakuu, utetezi wangu wote wa Mrefu naufuta. Kumpa mtu mkate huku umemnyima ukweli wake ni kumfuga. Kama kuna jambo umelikalia na mwenzako analibeba, kamwambie leo, kabla lori lake halijafika.

Ema hajanisamehe, na simlaumu. Tukipokezana zamu tunasalimiana, tunakabidhiana panga na kondoo, basi.

Ila leo alipofika hatua kumi akageuka. "Ile ya ishirini ipo?"

Nikamwambia ipo. Zote zipo.

Akasema nije nayo kesho, na nije mapema.

Nyie mlioimaliza, msiniambie Dogo anaamua nini mwishoni. Nataka nikaione nikiwa nimekaa naye. Lakini niambieni hili: wewe ungekuwa Dogo, ungemwomba Mrefu episode inayofuata?