Maji ya Kunawa kwa Mwenye Nyumba

Mama mmoja wa Kikongo niliyekuwa nikimpeleka kanisani kila Jumapili amefariki. Habari zilinifikia kupitia kikundi cha simu cha kanisa, nikiwa kazini katika chumba cha kufulia mashuka cha hoteli moja huko Bloomington, Minnesota, mvuke umenijaa usoni. Moyo wake ulikuwa umechoka kwa muda mrefu na sote tulijua. Hakuwa ndugu yangu, wala siwezi kusema tulikuwa marafiki wa kutembeleana. Gari langu lilipita kwao Columbia Heights, naye alihitaji gari, basi. Nilitaka kuandika habari zake wiki ile ile, nikashindwa. Wasomaji wanaonijua watadhani ni ile tabia yangu ya kurudia sentensi mpaka inachakaa. Mimi sikusomea uandishi, sikusomea kitu chochote. Nimejifunza mwenyewe, na mtu aliyejifunza mwenyewe huogopa kila nukta. Lakini safari hii kilichonichelewesha si nukta. Ni kinyaa. Kila nilipoandika nilijikuta nakifuta ili makala iwe na adabu, na kila nilipokifuta, makala ilifanana na zile salamu za rambirambi zinazotumwa na watu ambao hawakumjua. Kwa hiyo leo nimekiacha mahali pake, na nitaeleza kilikotoka.

Mama huyu alikuja Minnesota na binti yake na wajukuu, baada ya miaka mingi ya kambi ya wakimbizi. Kanisa likawatafutia nyumba, na nyumba ilikuwa ya mzee mmoja wa kanisa hilo hilo, Mkenya mwenye heshima kubwa miongoni mwetu, anayemiliki pia nyumba za kutunzia wazee huko Burnsville. Wakati huo nami nilikuwa mfanyakazi wake. Familia ilipewa ghorofa ya chini ya nyumba ya zamani, yenye vile vyuma vya kupashia joto vilivyosimama chini ya madirisha kama ngazi zilizolazwa. Kwenye chumba cha chini ya nyumba kulikuwa na boila mpya ya ukutani, ya aina inayofanya kazi mbili: inapasha vyumba joto, na mtu akifungua bomba jikoni au bafuni inapasha maji. Ya kwanza iliifanya vizuri mno. Ya pili haikuifanya kabisa. Nje theluji imefika magotini, ndani watoto wanatembea na fulana, na maji ya bomba yanauma vidole kama yametoka mtoni.

Alinieleza jambo hili ndani ya gari, tena si kwa upole. Mama huyu alikuwa mlalamikaji, nasema hivyo kwa heshima zote. Alilalamikia kituo cha basi kisicho na benchi, maharage ya kanisani yasiyo na chumvi, sala za mchungaji zisizojua kwao ni wapi. Wengine hufuma vitambaa. Yeye alilalamika, na alifanya kazi safi. "Nyumba inatuchoma, maji inatugandisha," aliniambia. "Nani alipanga ivi?" Nikamuuliza wanaoga vipi. Akasema wanachemsha sufuria kubwa jikoni, halafu yeye au binti yake anaibeba mpaka bafuni, na watoto wanaambiwa wakae vitandani mpaka apite. Alisema anachoogopa ni yule mjukuu mdogo, ambaye haambiwi kitu akasikia. Siku moja atatoka mbio chumbani, na sufuria itakuwa mikononi mwa bibi yake ambaye moyo wake haumruhusu hata kubeba mfuko wa unga. Hilo ndilo lililokuwa likimnyima usingizi, kuliko baridi yenyewe.

Nikaenda kuiangalia boila. Niseme wazi kwamba sina cheti cha ufundi. Nina video nilizotazama na akili isiyotulia mpaka ielewe. Mashine huniliwaza kwa sababu haziudhiki ukiziuliza jambo lile lile mara nyingi. Nilimwomba binti afungue bomba la maji ya moto jikoni, mimi nikiwa chini nimeshika mabomba. Boila ilikohoa, ikawaka. Maana yake ilijua kuwa kuna mtu anataka maji. Lakini bomba lililoanza kupata joto mkononi mwangu lilikuwa lile linalopeleka joto vyumbani, na la kwenda jikoni likabaki baridi vile vile. Ndani ya boila ya namna hii kuna vali ndogo ambayo kazi yake ni kugeuza njia: mtu akifungua bomba, joto liache vyumba kwa muda, liende kwenye maji. Ile ilikuwa imekwama upande wa vyumba. Kadiri Mama alivyofungua maji ya moto, ndivyo alivyozidi kupasha sebule. Nilipanda juu nikamweleza. Akacheka kicheko cha mtu aliyedhulumiwa kwa namna mpya. "Kumbe ninaomba maji, inanipa sebule," akasema.

Sikuthubutu kuigusa, kwa kuwa ina gesi na si yangu. Nikamwandikia mwenye nyumba ujumbe. Alikuwa bosi wangu, hivyo nikaondoa kila neno linaloweza kumuudhi, mpaka ukabaki kama ombi la ruhusa ya kupumua. Akanipigia simu badala ya kujibu. Alisema fundi wake alishafika, akashika vile vyuma madirishani, vikawa vya moto, akaondoka. Kisha akasema neno ambalo sikulitarajia: yeye mwenyewe amekula katika nyumba ile na amenawa maji ya moto. "Si mimi nimenawa maji moto hapo kwa Mama, kijana? Sasa unaniambia nini?" Nilipotaka kueleza habari ya sufuria, akashusha sauti kama anayenifundisha maisha. "Na huko kambini walikuwa wanaoga maji moto? Tujifunze kushukuru."

Hapo ndipo nilipoelewa jambo zima, na nikakumbuka kwamba hata mimi nimenawa maji yale. Ukienda kwa Mama, kabla chakula hakijafika, binti yake alikuja na beseni na birika, akakumiminia mikononi maji ya vuguvugu, na kitaulo kikiwa begani mwake. Ulikaa umestarehe, ukajiona mtu. Hukujua kwamba maji hayo yalianza kuchemshwa ulipopiga simu kusema unakuja. Fundi alinawishwa hivyo hivyo. Mwenye nyumba naye, kila mara. Kila aliyekuja kuangalia kama nyumba ina maji ya moto alikutana na maji ya moto mlangoni, yamebebwa na watu wasio nayo.

Nikamwambia Mama suluhisho ni rahisi: wakija tena, asichemshe kitu, birika liwe tupu, wanawe kwenye bomba. Aliniangalia kama nimemwambia awatemee mate. "Mutoto yangu, mugeni anawe maji ya baridi kwangu? Batasema nini? Batasema mama alipata nyumba Amerika, akasahau adabu." Nilijaribu kumwonyesha kwamba adabu hiyo ndiyo inayomponza. Akanijibu kwamba anajua, si mjinga; lakini kama hawezi kupata maji kwa kusema ukweli wa mdomo wake, hatayapata kwa kuaibisha meza yake. Mimi ni mtu ninayependa hesabu ikae sawa, na hesabu hii ilinitesa. Huko Burnsville, kabla ya kumwosha mzee yeyote wa Kimarekani, tulitumbukiza kipimajoto kwenye maji, kwa amri ya mwenye nyumba huyu huyu. Maji yakiwa baridi hata kidogo, alitukaripia mbele ya watu, na alikuwa na haki. Alijua kabisa maji ya baridi yanamfanya nini mtu mzima mwenye moyo dhaifu. Ujuzi huo alikuwa nao kazini. Njiani kuja Columbia Heights, sijui alikuwa akiuweka wapi.

Baada ya Krismasi wazee wa kanisa walizunguka kuombea nyumba za wageni wapya, nami nikawa dereva. Kwa Mama tulikuta wali, sombe ya majani ya muhogo, samaki, na birika likitoa mvuke. Nikakata tamaa. Binti alianza kunawisha kwa utaratibu wa umri, mchungaji kwanza. Alipomfikia mwenye nyumba, ambaye alikuwa ameshakunja mikono ya shati, Mama akamshika binti yake kiwiko. Hakupaza sauti. "Hapana, huyu si mugeni. Ni mugeni ananawishwa. Papa ni mwenye nyumba, anajua robine iko wapi."

Watu walicheka, kwa sababu ilikuwa heshima. Nani angekataa kuitwa mwenye nyumba katika nyumba yake? Yeye mwenyewe alicheka, akainuka, akaenda kwenye robine, yaani bomba la bafuni. Tukasikia likifunguliwa. Tukalisikia kwa muda mrefu, kwani bila shaka alikuwa akingoja yapate moto, na tulipokuwa tukingoja pamoja naye, chuma cha dirishani nyuma ya kiti changu kilianza kugongagonga kwa kuzidiwa na joto. Mama alitazama mbele, mikono mapajani, kama mtu aliye ibadani. Mzee alirudi vidole vimekakamaa kwa baridi, anavipangusa kwenye suruali. Mama akamsukumia sahani ya samaki kwanza kuliko wote. Mjukuu mmoja akauliza kwa Kiingereza kama sasa wangeweza kula.

Fundi alikuja wiki hiyo hiyo na vali mpya. Wala haikumchukua muda. Mama alinipigia simu ili tu nisikilize bomba likitiririka, akanieleza kwamba sufuria kubwa imerudi kupika ugali na mjukuu mdogo anakimbia anavyotaka. Kisha, kabla sijashusha pumzi, akaanza habari ya dirisha linaloingiza upepo. Nilifurahi kuliko nilivyofurahi kwa ajili ya vali. Aliendelea hivyo miaka yote niliyomjua, na mengi aliyoyasema yalirekebishwa, na watu waliokuja baada yake waliyakuta yamerekebishwa bila kujua kwa nini kituo chao cha basi kina benchi.

Sasa nifike kwenye kinyaa changu. Kwenye ibada ya kumuaga, mwenye nyumba alisimama kutoa ushuhuda. Amezeeka, na sidhani alikuwa akidanganya kwa makusudi; hilo ndilo linalonitisha zaidi. Alisema alimpa mama huyu makao, akampa maji ya moto katika baridi ya Minnesota, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kumsikia akilalamika. "Alikuwa mvumilivu. Akina mama wa leo wajifunze." Ukumbi ukaitika amina. Nasema kweli, nilikuwa kama mtu aliyekuta unywele kwenye chakula alichokwisha kumeza. Walikuwa wakimzika mtu mwingine. Walimchukua mwanamke aliyekuwa na mdomo, wakaushona, wakamvika maua, na walikuwa wakiwaonyesha wanawake waliobaki jinsi wanavyotakiwa kukaa.

Binti yake alikuwa ameketi mbele, mtoto mapajani. Aliongea akiwa amekaa, kwa sauti ya kawaida kabisa. "Papa, mama alilalamika."

Mzee akatabasamu kwa huruma, akasema labda kidogo, kama binadamu yeyote.

"Sana," binti akasema. "Kwako pia. Na kila kitu alisema kilikuwa kweli."

Kisha mwanamke mmoja wa nyuma, Mkenya, muuguzi, akasema kwamba Mama alimwambia usoni kuwa chai yake ni maji ya kuoshea vikombe. Mwingine akasema alimkataza kumwita mtoto wake mvivu mbele ya wageni, na walinuniana mpaka Pasaka. Mchungaji, masikini, akasimulia mwenyewe jinsi Mama alivyozilalamikia sala zake. Watu walikuwa wakicheka na kulia kwa pamoja, na kwa mara ya kwanza siku ile nilimwona Mama yule ninayemjua akiwa ndani ya ukumbi. Mwenye nyumba alikuwa bado amesimama na kipaza sauti mkononi. Hakuna aliyemfukuza. Aliketi tu, akasikiliza, na sijui alisikia nini.

Sisi tuliokuja nchi hii tunapenda sana kuwasifu wenzetu kwa kuvumilia. Tunawapima kwa shida za walikotoka badala ya haki ya walipo, halafu tunaita hesabu hiyo shukrani. Mimi nimechoka nayo, na sitaki kuisikia tena kwenye mazishi ya mtu yeyote. Siku hizi nikiambiwa fulani ni mvumilivu, nauliza anavumilia nini, na ni nani kati yetu anayeweza kukiondoa lakini anaona ni rahisi zaidi kumsifu.