Nilimwibia Supeet Maneno Yake

Siku niliyopata kazi, mtu wa kwanza kunipigia makofi alikuwa yule niliyemwibia.

Naitwa Modest, mtu wa Daa, Karatu. Acheni niseme tu, maana hii kitu inanitafuna.

Loji moja hapa mjini ilitaka mwongoza watalii wa kuwapokea Wafaransa. Nafasi moja. Tukaitwa wawili: mimi na rafiki yangu Supeet wa Endulen.

Supeet amechunga ng'ombe tangu utoto, Kifaransa kajifunza mwenyewe kwenye simu. Mama yangu alipougua, Supeet alinipa kondoo nikamuuze. Mwaka uliofuata nami nikampa wangu. Kwao Wamasai mkishapeana kondoo hamwitani majina tena, mnaitana Paker.

Siku moja kabla ya usaili, tukiwa kwenye chai, akaniuliza:

“Paker, unajua kwa nini Mwingereza ng'ombe anamwita cow, lakini nyama yake beef?”

“Sijui, kaka.”

“Zamani, karibu miaka elfu, mabwana wa Kifaransa waliiteka Uingereza. Mwingereza akabaki kuchunga, bwana akawa anakula. Huku malishoni cow na sheep, kule mezani beef na mutton. Hayo ya mezani ni Kifaransa, bœuf na mouton! Kesho nitawaambia: mimi nimechunga, hadithi hii naijua kwa miguu.”

Asubuhi nikaitwa kwanza. Tulikuwa bustanini, Supeet kakaa pembeni. Mama Hyasinta, meneja, akasema: “Nipe kitu mgeni wangu hatakisahau.”

Kichwa kitupu. Wanangu, kitupu kabisa!

Nikayamwaga yote ya Supeet, mpaka ile ya “mimi nimechunga”. Mimi niliyekulia kwenye mashamba ya maharage!

Zamu yake ilipofika, Supeet alisimama.

“Sina la kuongeza, mama.”

Mama Hyasinta akanipa kazi palepale. Supeet akanigeukia, akapiga makofi. “Hongera, Modest.”

Modest. Jina langu mwenyewe likaniuma kuliko tusi.

Miezi mitatu nikafanya ile kazi huku roho inanisuta. Wageni wakicheka, mimi natazama chini. Juzi uzalendo ukanishinda, nikaenda kwa meneja kukiri.

“Najua,” akasema. “Supeet aliyaandika yote kwenye barua yake ya maombi. Nilitaka kukufukuza siku ileile. Yeye ndiye aliyenizuia. Alisema mama yako bado anaumwa.”

Nilitamani ardhi inimeze.

Nikaandika barua ya kuacha kazi, meneja akakubali nafasi iende kwa mwenyewe. Nikapanda gari la Endulen. Nilimkuta Supeet akinywesha ng'ombe, nikamweleza kila kitu.



“Kazi nitaichukua,” akasema. “Lakini kwa nini hukuniomba? Ningekupa.”

Nikainama, nikamsaidia kunywesha ng'ombe, macho chini.

Wewe unayesoma hapa, kuna watu hawajui kunyima. Hao waombe tu. Ukiwaibia, hata ukirudisha chote, macho yao hutaweza kuyatazama.