Karafuu Ndani ya Kompyuta

Siku ile tulikuwa wanne, nyumbani kwangu Wambaa. Mimi mwenyewe. Mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu wa kwanza, aliyekuwa ametoka Unguja kusomea mambo ya kompyuta. Mtoto wa marehemu dada yangu, mtu mzima mwenye ndevu zake. Huyu nilimnyonyesha mimi dada alipougua, kwa hiyo ni mwanangu wa ziwa, na kwa mjukuu ni mjomba. Na jirani yangu, aliyekuja kuazima mbuzi ya kukunia nazi akakaa mpaka adhuhuri. Majina yao ninayo yote, na ya mama zao, na ya bibi zao, lakini siyaandiki. Aibu ni yangu peke yangu.

Kompyuta ile haikununuliwa nzima. Mjukuu aliandika orodha ya vifaa, mwanangu wa ziwa akaenda nayo Dar, akavileta kwenye meli amevipakata kama mtoto mchanga. Kasha la kuvifungia halikupatikana safari ile, basi vikakaa wiki nzima chini ya kitanda changu.

"Bibi, hivi usiviguse," aliniambia mjukuu.

Nikasema haya.

Sasa nyumba yangu ina mende. Na sisi tangu zamani nguo ya thamani tunaitilia karafuu sandukuni, mende hasogei. Kanga zangu za harusi zipo mpaka leo kwa ajili hiyo. Nikaona, vitu vya mtoto vimetoka mbali, mende wakivila nitasema nini? Nikafungua mfuko wa lile bao lenye vijumba na vijitundu, wenyewe wanaliita mazabodi, nikatia konzi moja ya karafuu. Sikuzichambua, zilikuwa pamoja na makonyo yake, vile vijiti vinavyoshika karafuu. Kasha lilipofika nikazikung'uta kabla mjukuu hajaamka. Nilidhani zimetoka zote.

Asubuhi ile alifunga kila kitu mahali pake, akabonyeza. Feni ikazunguka, taa ikawaka, kioo kikabaki cheusi. Kisha ikalia pii, pii, pii.

"Mbona imenuna?" akauliza jirani.

"Haijanuna, bibi," mjukuu akamjibu. "Inasema kuna kitu haikioni."

"Basi ifukizeni udi, labda imeingiwa."

Tukacheka, na mimi nikacheka. Mjukuu akabadilisha waya wa kioo, akachomoa, akachomeka. Akatoa vifaa kimoja kimoja, akaacha vile tu ambavyo haiwezi kuwaka bila ya hivyo. Pii, pii, pii. Mwisho akafika kwenye kipande chembamba kama rula ya shule, kinachotunza kumbukumbu, wanakiita ramu.

"Hii haikai. Upande huu unabana, huu haushuki." Akaigeuzageuza. "Mjomba, ulinunua mpya?"

"Mpya, ndani ya boksi lake."

"Na aina ni ile niliyoandika?"

"Nililinganisha herufi kwa herufi, na mwenye duka akasoma."

"Dar huko," akasema jirani, "mtu ananunua simu, akifika nyumbani anakuta kipande cha sabuni."

Alitaka kumtetea mwanangu, lakini alitia kuni motoni.

"Au ulichukua yoyote tu, mjomba," akasema mjukuu, "ukaona huyu mtoto wa kike atajua nini."

Mwanangu wa ziwa akavua kofia, akaiweka gotini. Akaninyooshea mkono mimi. "Wallahi, kwa ziwa la mama huyu, sikukudanganya."

Hapo ndipo harufu iliponifikia, kutoka ndani ya kasha lililopata moto. Nyumba zetu zinanuka karafuu, hakuna anayeishughulikia. Mimi nilijua. Nikafungua kinywa, nikamtazama jirani, nikaona kabla ya magharibi Wambaa nzima itakuwa inamcheka bibi aliyeitilia kompyuta viungo kama pilau. Mtoto ameapa kwa ziwa langu, na mimi nikasema:

"Kunyweni chai kwanza."

Hakunywa. Akavaa kofia, akaichukua ile ramu, akasema ataipeleka kwa mwenyewe aliyemuuzia. Kesho yake akapanda meli Mkoani. Dukani akagomba mbele ya watu. Mwenye duka akaichomeka ramu kwenye mashine yake, ikawaka pale pale, watu wakamcheka.

Siku hiyo hiyo mjukuu alikuwa anasafisha mazabodi kwa brashi. Akachokoa kwa sindano, akatoa konyo dogo kama ukucha, limelala ndani ya ule mfereji wa ramu. Akaliweka kiganjani.

"Bibi."

"Niliogopa mende," nikasema. Halafu nikamwomba asinitaje.

Akampigia simu mjomba wake. "Uchafu uliingia, mjomba. Kosa langu, nisamehe." Akalibeba lote yeye. Ramu ikarudi, ikakaa, kompyuta ikawaka, na mjukuu akaihamishia Gombani, anachapia watu barua mpaka leo.

Mwanangu wa ziwa alisema amesamehe. Lakini yeye alikuwa akiingia kwangu mpaka jikoni, anafunua vyungu, anauliza leo tunakula nini. Tangu siku ile anasimama mlangoni, anapiga hodi, anangoja aambiwe karibu. Anakaa barazani, ananiuliza habari ya magoti, anakwenda zake. Anaona nilisikia kiapo chake nisikiamini. Miaka yote hii sijamwambia kwamba nilikiamini kuliko yeye mwenyewe. Sasa nimeandika, wanawe wanajua kusoma, watamsomea.

Mimi kusoma nimejifunzia ukubwani, na miaka imekwenda. Jirani anashikilia kwamba ilikuwa Alhamisi, mimi nasema Jumatano. Mlio labda ulikuwa mara nne. Palipokosewa mnisahihishe. Na kama yupo aliyemwona mwanangu wa ziwa, baada ya siku ile, ameingia hata mara moja mpaka jikoni kwangu bila hodi, tafadhali aniambie. Nitafurahi kuwa ni mimi niliyesahau.