Picha Iliyopigwa Shambani kwa Bibi

Juzi, Kigoma mjini, nilialikwa kutazama picha za zamani zilizotundikwa ukumbini. Kwenye picha ya nne nikamkuta bibi yangu wa Kalinzi akinitazama kwa hasira. Nikatoka bila kuaga. Kaa nikueleze, ndugu yangu, maana jambo hili hata mke wangu sijamsimulia.

Nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Mwaka huo kahawa ilikosa mnunuzi, ikaozea mtini. Kipande cha sabuni tulikikata kwa uzi, na jioni tulikula ugali wa muhogo na maharage yasiyonusa hata mawese. Wakimbizi wa Burundi walikuwa wengi, na kijijini kila baya likawa lao: kuku akipotea, Mrundi, mvua ikichelewa, Mrundi. Bibi alimkaribisha mmoja wao, mwanamke aliyepotezana na bintiye njiani wakikimbia. Serikali ilikuwa ikiwapeleka wenzake kwa malori kwenye makazi ya mbali, upande wa Mpanda. Yeye alibaki kwetu kwa siri, karibu na mpaka, ili mtoto akivuka amkute.

Nilimchukia. Walilima pamoja tangu alfajiri wakiongea, bibi kwa Kiha chetu, yeye kwa Kirundi, wakielewana na kucheka vicheko ambavyo mimi sikuwahi kupewa. Bibi alizoea kuniambia, "Mkono wake unajua ardhi, wako unajua sahani."

Siku moja bwana shamba alimleta mpiga picha wa gazeti, aonyeshe shida za wakulima. Bibi akaingia ndani, akatoka amevaa kitenge cha sikukuu.

"Bibi, vaa nguo zile za shambani," akasema mpiga picha. "Zile zilizochanika."

"Umaskini wangu si kahawa, hata uuanike."

"Wakubwa wakiiona picha watawasaidia, bibi."

"Basi nenda kawapige wao, wakila."

Majirani walicheka, nami nikataka kuchekesha zaidi yake. Yule mwanamke alikuwa amejibanza migombani. Nikapaza sauti, "Na mkimbizi wetu je? Toka, Mrundi, na wewe upigwe!"

Kicheko kilikatika. Bibi alinigeukia kwa hasira, na papo hapo kamera ikalia. Bwana shamba akaniuliza, "Huyo hayumo kwenye orodha ya kwenda Mpanda?" Nikajibu kwa madaha, "Anajificha."

Wiki haikuisha, wakaja mgambo wawili. Bibi aliwazibia njia: "Kahawa yetu mlishindwa kuifuata, mtu mmemfuata! Hamna haya?" Wakampita. Mwanamke aliweka kikapu chini taratibu, akamshika bibi mikono yote miwili, akaondoka nao. Mimi hakunitazama.

Bibi hakunichapa. Alinikabidhi jembe la yule mwanamke, na tangu siku hiyo tukalima kimya.

Msimu wa pili, tukipalilia, alifika msichana mwembamba, miguu imejaa vumbi jekundu. Alisalimia kwa Kirundi, akamtaja mama yake. Bibi alisimama, akaegemea jembe.

"Mwambie wewe," akaniambia.

Nikamwambia: Mpanda. Akauliza ni upande gani. Nikanyoosha mkono kusini, bila kujua ni mbali kiasi gani. Alitazama upande huo kwa muda mrefu, kisha akaanza kuteremka.

Bibi alishafariki. Mibuni iling'olewa, pale sasa ni muhogo na nyumba za bati. Sokoni Kirundi bado nakisikia, na kila nikikisikia kwa sauti ya kike, hukaza mwendo.