Meli Iliyoondoka Bila Baukje

Kijiji chetu cha Wafrisia, kando ya mfereji, kina nyumba arobaini na moja na daraja moja, na kwa miaka thelathini na minane daraja hilo lilikuwa mikononi mwa mwanamke mmoja. Jina lake ni Baukje Terpstra. Ni mrefu, mkavu, ana viganja vya mtu aliyezoea vyuma, na akikutazama unahisi anakupima kama chombo kinachotaka kupita: upana wako, kimo chako, haraka yako.

Mashua ikifika hupiga honi. Baukje hutoka kibandani, huwasha taa nyekundu, hushusha vizuizi vya barabarani, na daraja zima huinuka. Chombo kinapopita, yeye husimama ukingoni na fimbo ya kuvulia samaki, na mwisho wa uzi wake kuna kiatu cha mbao cha rangi ya manjano. Hukibembeza mpaka kifike mkononi mwa nahodha, nahodha hutia yuro mbili, kiatu hurudi. Nimekaa nyumba ya tatu kutoka hapo kwa miaka kumi na tisa na sijawahi kukiona kiatu kile kikigusa maji.

Maelfu ya watu wamepita mbele yake wakielekea maziwani, wengine baharini. Yeye mwenyewe hakufika mbali zaidi ya kisiwa cha Terschelling. Alikwenda kwa siku nne, akarudi siku ya pili, kwa sababu alisikia kwamba aliyemshikia zamu hasikii honi za watu wapole. Ndivyo alivyosema. Wapo manahodha wanaobonyeza honi kama wanaoomba radhi, na hao nao wana haki ya kupita.

Alipostaafu mwezi wa Mei mwaka 2021, Meindert Postma, mwenyekiti wa chama cha mtaa, alichukua kile kiatu akazunguka nacho nyumba zote, na goti lake bovu, akikusanya bahasha. Bahasha hazikuandikwa majina, ili anayetoa kidogo asione haya. Zilitosha kumkatia Baukje safari ya siku nane kwa meli ya kitalii, kwenda kuona milima ya Norwe inavyoingia baharini. Siku ya kumuaga tulisimama nje ya mkahawa, kila mtu mbali na mwenzake kama sheria ya korona ilivyotaka, na Meindert akahutubu kwa sauti kubwa kwa sababu ya umbali.

"Miaka thelathini na minane umetufungulia njia. Sasa na sisi tunakufungulia wewe!"

Watu wakapiga makofi. Baukje hakulia.

"Chumba kina dirisha?" aliuliza.

"Kina dirisha."

"Basi ahsanteni."

Meindert alijisifia pia masharti ya tiketi. Kampuni za meli mwaka ule zilikuwa zinabembeleza wateja. Unaweza kughairi kwa sababu yoyote mpaka siku mbili kabla ya kuondoka, ukarudishiwa fedha zote, au ukapewa vocha yenye thamani kubwa kuliko ulicholipa. "Hakuna cha kupoteza," alisema. Meli ingeondoka bandari ya IJmuiden Jumamosi, tarehe 17 Julai.

Aliyechukua nafasi ya Baukje ni Nynke, msichana wa miaka ishirini na minane, mwenye cheti cha kufungua madaraja na kicheko kingi. Mwishoni mwa Juni kumbi za dansi zikafunguliwa. Nynke akaenda mjini Leeuwarden kucheza Jumamosi ya kwanza kabisa, na wiki iliyofuata alikuwa kitandani, hawezi kupanda ngazi bila kupumzika katikati. Halmashauri ikaandika barua: hatuna mtu mwingine ila wa kuazima siku moja kwa wiki, daraja litafunguliwa Jumamosi tu mpaka itakapotangazwa vingine.

Kwa mgeni hilo ni jambo dogo. Lakini miaka miwili nyuma baraza la halmashauri lilikuwa limeamua kwamba daraja lisilopitisha vyombo elfu tatu kati ya Aprili na Oktoba halina faida, litachomelewa lisifunguke tena. Siku ile barua inafika, tulikuwa na elfu moja na mia moja. Daraja likichomelewa, karakana ya mashua inakufa, mkahawa unafuata, na kijiji kinabaki mwisho wa mfereji usiokwenda kokote.

Baukje alikuja kwangu na bahasha ya tiketi.

"Jirani, wewe una macho ya kusoma herufi ndogo. Nisomee."

Nikamsomea. Alisikiliza amefumba macho. Kisha akaniambia ameshapiga simu halmashauri. Wako tayari kumrudisha kazini mpaka mwisho wa Oktoba, kuanzia Jumamosi ya tarehe 17.

"Si ndiyo siku ya meli?"

"Ndiyo siku ya meli."

Tukaipigia kampuni simu. Aliyepokea alikuwa binti mpole sana.

"Kughairi hakuna tatizo, bibi. Lakini anayeghairi ni yule aliyekata tiketi. Hapa naona jina la bwana Postma."

"Mimi ndiye ninayesafiri."

"Naam, bibi. Ila yeye ndiye aliyelipa."

Baukje akaweka simu mezani polepole.

"Mwambie tu Meindert," nikasema. "Ni mtu wa kueleweka."

"Alizunguka na kiatu changu nyumba arobaini na moja, na goti lile. Nianzie wapi?" Akasimama. "Nitamwambia. Nipe siku mbili tatu."

Akarudi nyumbani akafanya kile ambacho kila mmoja wetu hufanya na tarehe isiyotakiwa kusahauliwa: akaiandika kwenye kalenda ya siku za kuzaliwa. Kwetu kalenda hiyo huning'inizwa chooni, mbele ya macho ya anayeketi, nyumba zote, tajiri na maskini. Humo majirani wote wamo. Kwa kalamu ya risasi akaandika kwenye tarehe 15: *saa sita mchana, mwisho kughairi meli.*

Jumanne tarehe 13 tulikuwa kwake tunakunywa kahawa, mimi na Grietje, mke wa Meindert. Baukje alikuwa ametoa mkate wa sukari na siagi, akaturuhusu kipande cha pili, jambo lisilo desturi kwetu, nikajua moyo wake haujatulia. Grietje akaomba kwenda chooni.

Lazima niseme kitu kimoja kuhusu sisi. Hakuna mtu anayeketi kwenye choo cha jirani asiyetafuta jina lake kwenye kalenda. Na Grietje alizaliwa tarehe 14 Julai.

Alirudi, akaketi, akakoroga kahawa isiyo na sukari.

"Jirani, umeniandika vizuri. Kesho."

"Ndiyo, Grietje."

"Na keshokutwa ni ya nani?"

Baukje alivuta mkate akaufunika. Grietje alimaliza kahawa yake yote, kwa adabu, akaaga, akaondoka kwa baiskeli mbio kuliko nilivyowahi kumwona.

Kesho yake, penye gari linalopita kuuza mkate, kijiji kizima kilikuwa na maoni.

"Anaogopa maji!" alisema Folkert wa karakana. "Miaka yote anawafungulia watu maji, kumbe mwenyewe anayaogopa."

"Wewe nyamaza, hata kuogelea hujui."

"Mimi nilichanga aone milima. Sasa ataona bata."

"Bata wa kwetu wana ubaya gani?"

Nilinunua mkate wangu nikaondoka. Sikusema ninachojua, kwa kuwa haikuwa habari yangu kuitoa. Nilipita darajani nikatazama maji yaliyosimama. Mimi ni mtu wa kusikitikia vitu kabla havijaondoka. Daraja lile nilikuwa nimeshalililia kimoyomoyo tangu barua ilipofika.

Alhamisi, saa nne asubuhi, Baukje aliniita nije na kompyuta yangu. Meindert alikuwa ameshafika. Alisimama katikati ya jikoni na koti lake, amekataa kiti.

"Zawadi hairudishwi, Baukje."

"Kaa kwanza."

"Sikai. Nimeisoma tarehe chooni kwako mwenyewe sasa hivi, kwa macho yangu. Kalamu ya risasi! Watu wametoa. Mjane Sjoerdsma ametoa, na anavyobana matumizi unamjua. Niwaambie nini? Kwamba bi mkubwa hapendi dirisha?"

"Waambie daraja limefungwa siku sita kwa wiki."

"Halmashauri itajua yenyewe."

"Halmashauri haijui kitu. Inajua kuhesabu."

"Na wewe unadhani daraja halifunguki bila wewe."

"Halifunguki," Baukje alisema. "Si majivuno, Meindert. Nynke anaumwa. Mwingine mwenye cheti hapa kijijini ni nani? Nitajie."

Wakati huo huo honi ikalia nje. Dirisha la jikoni la Baukje linatazama darajani, sote tukageuka. Mashua mbili za matanga zilikuwa zinasubiri mbele ya taa nyekundu ya majini, na nyuma yake moja ndogo ya injini, yenye familia na mbwa. Honi ikalia tena. Yule mwanamume wa mashua ndogo aliinuka, akasoma tangazo la halmashauri kwenye nguzo, akakuna kichwa. Kisha akaanza kugeuza. Mfereji wetu ni mwembamba. Kugeuza kulimchukua muda mrefu, mbele, nyuma, mbele, mbwa akibweka. Tulimtazama mpaka akaishia nyuma ya matete.

"Huyo wa saba tangu asubuhi," alisema Baukje. "Hatarudi. Na atawaambia wenzake."

Matanga mawili nayo yakaanza kugeuka.

"Nikienda huko," Baukje aliendelea, sasa kwa sauti ya chini, "nitakaa dirishani naangalia milima ya watu, nikijua hapa wanageuza mashua. Mlinipa zawadi nzuri kuliko zote nilizowahi kupewa. Nimeiweka pale kabatini, kila siku naifungua naisoma. Lakini mlinipa kwa sababu ya kazi yangu. Sasa kazi yenyewe inaniita."

Meindert alivuta kiti akaketi, mguu wenye goti bovu ameunyoosha.

"Ungeniambia."

"Nilikuwa naona haya."

"Ukaona afadhali kuliambia choo."

Baukje alicheka, mara ya kwanza baada ya wiki nzima, na Meindert akashindwa kujizuia. Kisha akanigeukia.

"Jirani, fungua hilo dude. Saa ngapi?"

"Saa tano kasoro dakika kumi."

Akaingiza namba ya tiketi kwa kidole kimoja, akitaja kila tarakimu. Kompyuta ikauliza sababu ya kughairi na kutoa orodha: ugonjwa, hofu ya maambukizi, masharti ya mipakani, sababu nyingine.

"Weka hofu ya maambukizi," nilishauri. "Hawatauliza zaidi."

"Nani ana hofu?" alisema Baukje.

Meindert alichagua sababu nyingine. Kikatokea kisanduku cha kujaza maelezo. Alifikiri, akapangusa miwani, akaandika maneno matatu, akisukuma kila herufi kama anayegongelea msumari: *Abiria ana kazi.*

Halafu ikaulizwa, vocha au fedha. Meindert ni Mfrisia halisi, hapotezi senti, vocha ilikuwa kubwa zaidi, na kidole chake kilikwenda juu yake.

"Mwaka ujao utakwenda," alisema kwa matumaini.

"Mwaka ujao nitaamua mwaka ujao. Rudisha kwa wenyewe."

"Bahasha hazikuwa na majina!"

"Basi zikae kwenye chama. Mtu akifa, mtanunua maua."

Meindert akabonyeza fedha.

Jumamosi saa tatu asubuhi Baukje alikuwa kibandani, amevaa koti la halmashauri ambalo hakuwa amelirudisha tangu Mei. Habari zilikuwa zimefika maziwani, sijui kwa njia gani. Foleni ya mashua ilianzia darajani mpaka kwenye kinu cha upepo. Folkert alisimama ukingoni anawaelekeza, utadhani ndiye aliyeleta mpango wote.

Ya tatu katika foleni ilikuwa mashua ya Meindert na Grietje. Wenyeji wana kadi, hawalipi. Baukje aliwapungia wapite, lakini Meindert alisimama akanyoosha mkono kudai kiatu. Fimbo ikainama, kiatu kikaenda, kikarudi kizito. Ndani mlikuwa na sarafu ya yuro mbili na karatasi iliyokunjwa: jibu la kampuni ya meli, lililochapishwa. *Tumepokea ombi lako. Sababu: Abiria ana kazi.*

"Wewe una kadi!" Baukje alipiga kelele. "Chukua hela yako!"

"Zawadi hairudishwi!" Meindert alijibu kwa ile sauti yake ya hotuba, na mashua zote zikasikia.

Karatasi ile bado imebandikwa kibandani, juu ya swichi. Msimu ulipofungwa, hesabu ilionyesha vyombo elfu tatu mia mbili na kumi na vinne. Nynke alirudi Septemba, akafundishwa upya mambo ambayo cheti hakiyataji. Daraja letu linafunguka mpaka leo.

Jioni ya Jumamosi ile, saa kumi na moja, nilimpelekea Baukje kahawa. Alikuwa ameketi nje ya kibanda, mikono mapajani, uso umeiva kwa jua. Nilijua saa ile IJmuiden wanafungua kamba, na dirisha moja linaondoka bila mtu. Nilihisi huzuni ambayo haikuwa yangu.

"Sasa hivi wanaondoka," nikamwambia.

"Nani?" aliuliza.

Lakini alikuwa ameshasimama, ameinua kichwa upande wa kinu. Mimi sikuwa nimesikia chochote. Akawasha taa nyekundu, akashusha vizuizi, na kitambo kidogo baadaye ikatokea kwenye kona mashua ndogo ya tanga yenye mlingoti mrefu, na mzee ndani yake, kidole bado juu ya honi, kama anayeomba radhi.