Mchumba Wangu Alivunja Mashine ya Taipu, Akamtwisha Mwenzangu Lawama

Msomaji wetu wa Unguja ametuomba tulifiche jina lake, na majina yaliyomo ameyabadilisha mwenyewe. Barua yake ndiyo hii.

Mimi ni msichana wa miaka ishirini na moja, nnasomea ukarani katika chuo kimoja hapa mjini. Nshaposwa, mahari imeshapokewa, na harusi ni Ijumaa ya wiki ijayo. Mchumba wangu ndiye msimamizi wa chumba cha taipu hapo chuoni. Nnamdharau. Najua si maneno ya kuandikwa juu ya mwanamume atakayenioa, lakini nisomeni mpaka mwisho.

Chumba chetu kina mashine nane tu. Mchumba wangu alituandikia sheria kumi na moja, akazibandika mlangoni: tuvue viatu, tuoshe mikono, tusiingie na chakula, kila anayetoka atie saini kwenye daftari, na mashine isipige chochote ila kazi ya darasani. Sheria zenyewe sizikatai, mashine ni chache. Lakini mngemwona anavyozisimamia! Husimama mlangoni na rula mkononi, anakagua kucha za watu wazima. Mwenzetu mmoja alitolewa nje kwa kupiga chafya juu ya karatasi ya kaboni. Wanafunzi wanamwita Bwana Kanuni, naye kwa upumbavu wake anadhani ni heshima.

Nina rafiki, nimwite Mosi, kwao shamba, Matemwe. Alikuwa akikaa kwa shangazi yake Ng'ambo, hapa mjini, ili asome, na katika darasa letu hakuna aliyemfikia kwa wepesi wa vidole. Jumatano moja alikuwa wa mwisho kutoka, akatia saini yake akenda zake.

Magharibi ile mchumba wangu akaja kwetu na bunda la kadi za mwaliko wa harusi.

"Nimezipiga mwenyewe," akasema, kifua mbele.

"Kwa mashine gani?"

"Ya chuo. Watu wote walikuwa washaondoka. Ila karatasi hizi ngumu, ile mashine namba tano ikakwama. Nikalazimisha, kitu kikakatika ndani."

"Sasa itakuwaje?"

"Nimeifunika. Fundi ataiona."

Kisha akaomba aongezwe chai.

Asubuhi Mosi akakaa kwenye namba tano, ile aliyoitumia jana yake, haiendi. Mkuu wa chuo akaitwa. Mchumba wangu akafungua daftari, akaweka kidole chake juu ya saini ya mwisho. "Daftari halisemi uwongo, mzee," akasema, bila hata kupepesa jicho.

Mosi akalia, "Wallahi niliiacha nzima!"

Mimi nilikuwa nimesimama karibu yao, najua kila kitu. Nikatazama sakafu. Mosi akapigwa marufuku kuingia chumbani mpaka mitihani ipite, na karani asiyefanya mtihani wa taipu ataajiriwa wapi? Akafunga mzigo wake, akarudi shamba.

Nilipokuwa peke yangu na yule bwana nikamwambia akaseme kweli. Akacheka. "Nikisema ntaondolewa usimamizi, na wewe nikulishe nini? Yule mtu wa shamba, atapata jembe alime. Hafi."

Wiki ile ile akaongeza sheria ya kumi na mbili: wanafunzi wanaotoka shamba wakaguliwe mikono mara mbili. Niliisoma pale mlangoni. Mtu mzima, ana ndevu, anajificha nyuma ya karatasi aliyoibandika kwa gundi!

Nikamweleza mama. Akaniambia, "Mwanangu, utamfedhehesha mume kwa ajili ya kipande cha chuma? Watu washaalikwa. Vumilia."

Jumapili nikapanda gari nikaenda Matemwe, nimeazimia kumwambia Mosi kila kitu. Akanipokea kwa furaha, akanipikia wali na pweza, akaniuliza khabari za harusi na khanga gani wanawake watashona sare. Kisha akainamisha kichwa, akasema taratibu, "Unajua, nnafikiri kweli niliivunja mimi. Nna mkono mzito. Labda niliigonga kwa nguvu nisijue. Niombee radhi kwa mchumba wako, nilimfanya aonekane mwongo mbele ya mkuu."

Nikanawa mikono. Nikasema, "Ntamwambia." Nikarudi mjini bila kusema lolote jengine.

Kwa hiyo huyo bwana nnamdharau, lakini sijioni bora kuliko yeye. Nikienda kwa mkuu wa chuo, harusi imekufa na mama hatanitazama usoni. Nikinyamaza, ntalala maisha yangu yote kitanda kimoja na mtu nisiyeweza hata kumwamkia kwa moyo safi, na Mosi ataendelea kuamini kuwa mkosaji ni yeye. Ndugu zangu wasomaji, mama zangu, niambieni nishike njia gani, na siku zilizobaki ni chache. Ila nakuombeni, msiniambie nivumilie. Hilo nshaambiwa.